Bata Mzinga Aliyemfukuza Mfalme

Watu huchukia majirani, wengine huchukia mawifi. Mimi namchukia bata mzinga wa katuni. Alikuwa anavaa kofia ya pembe tatu na miwani iliyoning'inia kwenye ncha ya mdomo, na kila Jumamosi saa mbili asubuhi alitokea kwenye televisheni yetu akiwafundisha watoto historia ya Amerika kwa nyimbo. Ukimwona utasema hana makosa. Na kweli hana. Makosa ni yangu, na leo nitayasema yote, maana nimechoka kuyabeba huku watu wa kanisani wakiendelea kuniita Mwalimu.

Ualimu sikuuokota njiani. Nilifundisha historia miaka tisa kwenye kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, watoto wa Kikongo mia na ushee ndani ya darasa moja la matofali ya udongo. Kitabu kilikuwa kimoja, cha kwangu, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Utafundishaje? Tuliimba. Nilitunga nyimbo za wafalme, za mikataba, za vita, nani alikuja kwanza na nani akamfuata. Mtoto asiyeweza kuandika jina lake alikuimbia jinsi Wazungu walivyotugawana mezani, toka mwanzo hadi mwisho, asikose hata nchi moja. Wakaguzi walipokuja walibaki midomo wazi, nami nikavimba kichwa, nisiseme uongo. Tangu siku hizo niliamini kwamba historia ya kweli huimbika, na isiyoimbika ni porojo.

Huku Toronto, Kanada, tunakaa mtaa wa Lawrence Heights, kwenye safu ya nyumba iliyobaki baada ya safu za jirani kubomolewa ili wajenge maghorofa. Mimi nafunga kuku. Ndiyo kazi yenyewe: kiwandani, zamu ya usiku, kuku wanapita kwenye mkanda nami nawapanga kwenye trei, mapaja na mapaja, vidari na vidari. Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na Jumamosi anaingia kazini asubuhi. Tulikuwa tunapishana mlangoni, yeye anavaa buti za theluji, mimi navua zangu. Ananionyesha chai ilipo, ananiambia mtoto ameoga au hajaoga, basi, amekwenda.

Tuna mtoto mmoja tu, binti, na wakati huo alikuwa na miaka minane. Alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata yale tunayonong'ona, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Ukimwambia, "Sema Kiswahili," anatabasamu na kunyamaza. Wiki nzima tulionana kwa dakika dakika, mimi nikiamka yeye anatoka shule, yeye akilala mimi naenda kwa kuku. Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa yetu. Nilikaa kwenye kochi na chai yangu, bado nanuka kiwanda, naye alijibanza ubavuni mwangu na blanketi, tukamtazama bata mzinga.

Televisheni yetu haikuwa ya kulipia. Nilinunua antena kwenye duka la vitu vya mtumba nikaibandika kwenye dirisha linalotazama kusini, ikawa inanasa vituo vya ng'ambo ya ziwa. Ng'ambo ya ziwa ni Marekani, na matangazo yao yanavuka maji bila viza. Kwa hiyo nilijua kwamba bata mzinga ni wa Marekani. Msinione mjinga kiasi hicho. Nilichofanya ni kibaya zaidi ya ujinga. Nilitumia akili.

Nilijiambia hivi. Nchi hizi mbili zina lugha moja, zina theluji moja, zilitawaliwa na mfalme mmoja. Mkoloni akiwa mmoja, uhuru ni mmoja, labda tarehe tu zinapishana, kama Tanganyika na Kenya. Nani aliwahi kusikia watu waliotawaliwa na mfalme wa ng'ambo wakaamua kubaki naye kwa hiari yao? Kwetu kila nchi ina siku yake ya kumfukuza mtu. Picha ya malkia niliiona kwenye noti, nikasema ah, hizo ni noti za zamani hawajazimaliza. Kwetu noti za mkubwa aliyepinduliwa zilizunguka sokoni mpaka zikachanika.

Sasa niwaambie kwa nini mambo haya yalikuwa na uzito. Mama yangu alikuwa Kongo. Siku tulipopandishwa ndege kuja huku yeye alikataa. Alisema amekimbia mara tatu maishani mwake na miguu haitaki ya nne. Akavuka Ziwa Tanganyika kurudi kijijini, akakaa na dada yangu mdogo. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Na mimi sikuweza kumfuata. Mkimbizi akirudi mwenyewe alikokimbia, watu wa makaratasi watamuuliza, sasa ulikuwa unakimbia nini, na anaweza kunyang'anywa hifadhi yake. Dawa ni moja tu, uraia. Ukishakuwa raia unapata pasipoti, unakwenda unakotaka, unarudi. Na kwenye mlango wa uraia wameweka mtihani.

"Unakuja lini?" Mama aliniuliza kila nilipopiga simu.

"Nikishinda mtihani, Mama."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mtihani? Wewe? Basi umeshafika. Lakini fanya haraka, mwanangu. Nataka nikuone kabla macho haya hayajafunga kabisa. Ukichelewa nitakupapasa tu uso, kama kipofu anayechagua nyanya."

Dada yangu alichukua simu akatoka nje, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mama amenunua godoro. "Anasema ni la kwako. Liko ndani ya nailoni yake na hakuna anayeruhusiwa kulilalia. Watoto wakiligusa anawatukana."

Mke wangu aliomba uraia pamoja nami, tukapewa kitabu cha kujisomea. Yeye alikibeba kazini, akakisoma wakati wa mapumziko huku akila sombe yake ya jana, kisamvu, kurasa mbili leo, tatu kesho, na mstari mwekundu chini ya kila neno gumu. Mimi nilikisoma kurasa za kwanza, haki za raia, wajibu wa raia, nikazimeza vizuri. Nilipofika sura ya historia nikaipindua yote kwa dole gumba.

"Mbona unaruka?" mke wangu aliniuliza.

"Historia?" nikasema. "Mimi unifundishe historia? Utamfundisha samaki kuogelea?"

"Haya, Mwalimu," akasema. Akiniita Mwalimu kwa sauti ile ujue ameshaniacha na shida zangu.

Kwa historia nilikuwa na bata mzinga. Na nilikuwa na mwalimu wangu, binti yangu. Nilipomwambia kwamba Papa, yaani mimi baba yake, ana mtihani na akishinda ataenda kumwona Bibi, alifurahi mno. Alileta daftari jipya, akaandika jina langu juu. Katuni ilipokwisha alizima televisheni, akasimama mbele yangu ameshika mwiko wa ugali, akaanza kuniuliza maswali. Chai ilimwagwa wapi? Kwa nini wakulima walikasirika? Askari wa mfalme walivaa rangi gani? Nikipata, ananichorea nyota kwenye daftari. Nikikosa, anaimba kile kipande cha wimbo tena, taratibu, nami namfuatisha kwa Kiingereza changu kizito. Aliniambia, kwa Kiingereza chake, "Papa, usiseme kwa haraka. Fikiri kwanza." Yale maneno ni yangu. Nilikuwa nawaambia hivyo watoto wa kambini.

Nitasema wazi: zilikuwa Jumamosi nzuri kuliko zote nilizopata nchi hii. Tangu tufike nilikuwa mtu wa kuelekezwa. Huko kiwandani kijana wa miaka ishirini ananionyesha jinsi ya kuosha mikono. Lakini pale sebuleni, mbele ya mwiko, nilikuwa tena ndani ya darasa linaloimba. Na mtoto alinitazama usoni muda mrefu, jambo ambalo hakuwa analifanya. Hata leo nikikumbuka, roho inaniuma.

Mtihani wa kwanza tulifanya kwenye kompyuta, mke wangu asubuhi, mimi mchana. Yeye alishinda. Mimi nilianguka. Kompyuta haikuniambia nimekosa wapi, ilinionyesha alama tu, na mimi kwa kiburi changu nikalaumu Kiingereza. Maswali yao yamepindapinda, nikamwambia mke wangu. Alinipa kile kitabu tena, chenye mistari yake myekundu. Nikakiweka juu ya friji.

Kisha nikafanya nini? Nikaongeza bidii kwa bata mzinga! Tulijifunza nyimbo mpaka nikawa naziimba kiwandani kimoyomoyo, mapaja na mapaja, chai baharini, vidari na vidari, mfalme nje. Mtihani wa pili nikaanguka tena. Baada ya siku mbili mke wangu akasema, "Nina pasipoti yangu inakuja. Niende mimi nikamwone Mama kwa niaba yako?"

"Mama anataka kuniona mimi," nikamjibu. "Wewe alikuona kwenye harusi." Maneno gani yale, jamani. Lakini niliyasema.

Baadaye niliitwa kuongea na ofisa ana kwa ana, kupitia kompyuta. Ilikuwa ndiyo nafasi ya mwisho kwa ombi lile. Siku yenyewe theluji ilikuwa imefunga njia, mabasi ya shule hayatembei, kwa hiyo binti yangu alikuwa nyumbani. Nilimwambia akae chumbani afunge mlango. Aliufunga nusu. Nilimwona kwenye ule upenyo amenyanyua ngumi mbili hewani kuniombea ushindi.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, amevaa sweta ya kijani, mpole kabisa. Aliniuliza juu ya haki za raia, nikamjibu. Wajibu wa raia, nikamjibu. Akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Moyo wangu ukatulia. Nilishaanza kuona uwanja wa ndege.

"Niambie," akasema, "nchi hii ilipataje kuwa nchi?"

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Swali langu hilo! Nikamweleza kodi zilivyowachosha watu, nikamweleza chai ilivyotupwa baharini na watu waliojipaka rangi usoni, nikamweleza wakulima na bunduki zao, askari wa mfalme na makoti yao mekundu, vita miaka minane, jeshi linatembea bila viatu kwenye baridi. Sikukwama hata mara moja. Pale nilipotaka kukwama niliuvuta wimbo, neno likaja. Ofisa aliinua kalamu yake akabaki ameishika.

"Mkuu wa nchi yetu ni nani?" akauliza.

"Waziri mkuu."

"Una hakika?"

"Ndiyo, mama."

"Na mfalme?"

"Mfalme tulimfukuza, mama," nikasema, na nikatabasamu. Haki ya Mungu, nilitabasamu kwa fahari.

Yule mama aliweka kalamu chini. Akatazama pembeni, halafu akanirudia. Hakucheka, na ningependa angecheka. Alisema, "Bwana, umenieleza historia ya majirani zetu. Umeieleza vizuri sana, wengi wao hawawezi kuieleza hivyo. Lakini sisi mfalme hatukumfukuza. Ndiye utakayemwapia siku ukiwa raia."

Sijui niliagana naye vipi. Nilikuwa natoka jasho na nje ni theluji tupu. Nilisikia mlango wa chumbani unafungwa ule nusu uliobaki, taratibu, kwa mtu asiyetaka kusikika.

Nilishusha kitabu juu ya friji nikasoma ile sura niliyoiruka. Niliisoma nimesimama. Mle ndani nikakuta kwamba wale wakulima walipomfukuza mfalme, majirani zao waliompenda mfalme walifukuzwa nao, wakaacha mashamba na nyumba, wakavuka mpaka kwa miguu na kwa mitumbwi wakakimbilia huku. Wakimbizi! Nchi imejaa wakimbizi toka zamani, na mimi mkimbizi, mwalimu wa historia, nimeipita sura ya watu wa namna yangu ili nimsikilize bata. Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya.

Barua ya kukataliwa ilifika katikati ya juma, lakini niliifungua Jumamosi asubuhi niliporudi kazini. Ilisema naweza kuomba upya. Kuomba upya maana yake ni kuanza foleni toka mkiani, miezi na miezi. Usiku ule dada yangu alikuwa ameniandikia kwamba Mama sasa haoni tena mlango, anaufuata kwa mkono. Mke wangu alishaondoka. Sebuleni katuni ilikuwa inaendelea, na mtoto alikuwa amekaa kwenye kochi na blanketi lake, ameniachia nafasi yangu.

Niling'oa antena dirishani. Niliing'oa na gundi yake na rangi ya ukuta. Nikamwambia, kwa Kiswahili, polepole, ili lisipotee hata neno moja, "Wewe na katuni zako. Wewe ndiye uliyenifundisha uongo. Wewe ndiye uliyenizuia nisimwone mama yangu."

Hakulia. Laiti angelia ningeamka. Alikunja blanketi lake mara mbili, akaingia chumbani kwake.

Mnajua mambo ya hasira. Ikishatoka unaona umepata nafuu, kama mtu aliyetapika, na unakwenda kulala. Nililala mpaka saa tisa alasiri. Nilipoamka nilikuta meza imepanguswa, na lile daftari la nyota liko ndani ya pipa la takataka. Nililiona. Sikulitoa.

Mke wangu alizipata habari jioni, sijui kutoka kwa nani, kwa sababu mtoto hasemi. Alinijia jikoni. "Mwombe mtoto msamaha."

"Mtoto wa miaka minane? Mzazi aombe msamaha kwa mtoto?"

"Hakukuambia usome Marekani. Alikuwa anacheza na baba yake."

"Nitaongea naye," nikasema.

Nitaongea naye. Nilisema hivyo mwezi ule, na mwezi uliofuata. Sikuwa namchukia, Mungu shahidi. Nilikuwa naona aibu, na mwanaume wa kwetu akiona aibu hujifanya amekasirika. Nilijipa moyo kwamba watoto husahau. Jumamosi alikuwa anashinda chumbani. Siku moja alileta kutoka maktaba ya shule kitabu cha picha, historia ya Kanada kwa watoto, akakiweka mezani mahali ninapowekea kikombe. Hakusema ni cha nani. Nilinyanyua kikombe nikahamia upande wa pili wa meza. Baada ya wiki mbili kikarudishwa maktaba. Mke wangu aliniambia kwa uchungu, "Mtoto anakupigia hodi, wewe umejifungia ndani."

Niliomba upya. Safari hii nilisoma sura yote, magavana, reli, mikataba, taji. Namjua mfalme wao mpaka farasi wake. Kwenye simu nilimdanganya Mama. Nilimwambia mtihani umesogezwa mbele. "Na ukisogezwa," akasema, "wewe utashinda tu. Mtoto wangu hajawahi kuanguka." Aliuliza habari za mjukuu, akataka kusikia sauti yake. Nilimwita binti yangu. Alikuja mpaka mlangoni, akatikisa kichwa, akarudi chumbani. "Anaona haya," nikamwambia Mama. Nilidhani hivyo kweli.

Mama alifariki mwezi wa tisa, homa ya siku nne. Dada yangu alisema aliondoka akiwa anaongea vizuri, akiuliza kama nailoni ya godoro imetolewa, maana mgeni anakaribia.

Sisi tuliotawanyika tumejizulia desturi kwenye mazishi. Mtu aliyeko mbali hapati udongo wa kutupa, basi anapewa neno. Simu inapigwa makaburini, inawekwa sauti kubwa, mtu mmoja anaishika juu ya kaburi kabla halijafukiwa, na mchungaji anawaita walioko nje mmoja mmoja waseme neno la mwisho. Waombolezaji wote wananyamaza. Kule ilikuwa alasiri, huku ni asubuhi ya Jumamosi. Mke wangu aliomba ruhusa kazini. Tulikaa watatu kwenye kochi tumevaa nguo za kanisani, simu iko mkononi mwangu. Upepo wa kule ulikuwa unavuma kwenye spika.

Mchungaji aliniita. Nilisema, "Mama, nilikuwa njiani." Nikamsogezea mke wangu simu. Mke wangu akamuaga mkwewe kwa maneno mazuri, kwa machozi, kama inavyotakiwa. Nikadhani tumemaliza.

Binti yangu akanyoosha mkono kwenye simu.

Jana yake alikuwa amekaa muda mrefu na mama yake jikoni akiuliza neno hili kwa Kiswahili wanasemaje, na lile wanasemaje, moja moja, hasemi ni la nini. Mama yake aliona ni maneno ya kumuaga Bibi. Sasa akaisogeza simu mdomoni, mikono yangu ikiwa bado imeishika, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusomea shuleni, makaburi yote yakisikia:

"Bibi, mimi ni mjukuu wako. Ninaomba unisamehe. Papa hakukosea. Mimi nilimfundisha vibaya. Mimi nilimzuia asije."

Halafu dada yangu akauliza kutoka mbali, "Kaka? Mtoto anasema nini?"

Nilipiga magoti pale kwenye kapeti, nikamshika mtoto bega kwa mkono mmoja, nikamwambia hapana. Nikamwambia siyo wewe, mwanangu, ni mimi, mimi ndiye niliyekataa kusoma, wewe hukukosa kitu. Nilimwambia kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kiingereza, nikamrudishia tena kwa Kiswahili. Mama yake alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hajapepesa macho. Miezi saba alikuwa amelibeba jambo lile, akila nalo, akilala nalo, akienda nalo shule.

"Sasa Papa," akaniuliza, "mbona ulisema ni mimi?"

Nilikuwa bado nimeshika simu, na kule walikuwa wameanza kutupa udongo.